Picha za Watu Bila Nyuso

Bukavu, Nyalukemba
Jumapili, tarehe 12 Mei

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natanguliza salamu kwako, kwa mama, na kwa wote wanaokula sahani moja nanyi hapo Uvira. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mama aliniambia kwamba umeanza tena kupanda ngazi za ghala mwenyewe, na kwamba ukiombwa upumzike unajibu utapumzika siku wateja watakapopumzika. Tafadhali mwache kijana wako Akili apande, yeye ana magoti mapya. Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, ninaswali kwa wakati. Nalisema hilo kabla hujauliza. Baridi ya Bukavu ni ile ile, asubuhi ziwa halionekani kwa ukungu, lakini mafua yaliyonishika mwezi uliopita yamekwisha.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza, Baba. Naanza kusema, wewe unasema "kwa kifupi, Djamila, kwa kifupi," na haya ninayotaka kukuambia hayana ufupi. Kwa hiyo nimempa Akili barua hii, kwa kuwa anarudi kesho asubuhi na gari la mizigo, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya kumwita mama na kumwambia aje aone mtoto wake anachofanya.

Nianze na habari yenyewe. Tangu mwezi wa tisa sifundishi tena comptabilité, yaani hesabu za biashara. Mwalimu wa kuchora alihamia Goma siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, na prefe wetu, mkuu wa shule, Bwana Déogratias, alipoangalia orodha ya walimu akaona mimi nina saa chache kuliko wote. Akaniita ofisini akasema darasa la saba na la nane hayawezi kukaa bila somo la kuchora, maana pointi zake zinaingia kwenye buletini ya matokeo, na kwamba mtu anayejua kupiga mistari ya hesabu hawezi kushindwa kuchora mtungi. Ndiyo hivyo, Baba. Ninafundisha watoto kuchora. Najua hapa umeiweka barua mezani. Ichukue tena.

Nakumbuka vizuri uliyoniambia nilipokuwa darasa la sita, uliponikuta nachora uso wa bibi pembeni ya daftari la hesabu. Hukunigombeza. Uliketi karibu nami ukasema nichore miti, maua, nyumba, hata milima yote iliyo nyuma ya Uvira, ila nisichore chenye roho, kwa sababu kuumba ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke yake. Niliahidi. Na tangu siku ile mkono wangu haujachora jicho hata moja. Hilo nataka ulijue kabla ya mengine yote.

Wiki za kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilichora mtungi ubaoni, watoto arobaini na saba wakanakili mtungi ule, nikasahihisha kwa rula. Wiki iliyofuata nikachora kiti, nikapata viti arobaini na saba. Baba, sijawahi kuchoka vile. Watoto wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu, wenye maneno mengi kuliko redio, walikuwa wanakaa kimya wakipima urefu wa mguu wa kiti! Siku moja nikafuta ubao katikati ya somo nikawaambia wafunge madaftari. Niliwaambia kila mmoja alete kesho kitu kimoja kutoka jikoni kwao au njiani kinachoacha rangi kwenye kidole. Hatukuwa na rangi za dukani, na prefe alishaniambia mapema kwamba tusizitegemee.

Ungeona walichokileta! Makala, bila shaka, mifuko mizima. Udongo mwekundu wa mteremko wa Nguba na udongo wa njano ambao sikujua kama upo mjini. Majani ya lengalenga, bizari, maua ya uani kwa masista, masizi ya chungu yaliyokwanguliwa na kijiko. Tuliviponda kwenye makopo, tukachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo ili rangi ishike. Akonkwa, mtoto mrefu anayekaa nyuma kwa sababu akikaa mbele hakuna anayeona ubao, alipata kijani kizuri hivi kwamba darasa zima lilimwomba siri yake, naye akakataa kuitoa mpaka leo. Prefe alifungua mlango akauliza kwa nini darasa lake linanuka kama mgahawa. Watoto wakamjibu kwa pamoja kwamba wanapika rangi. Alisimama pale kidogo, akaingiza kidole kwenye kopo la bizari, akaondoka akikinusa.

Baada ya hapo tukafanya vitenge. Hii ungeipenda hata wewe, nina hakika, maana miaka thelathini umeuza vitenge. Tulikata birayi, viazi vya ulaya, katikati, tukachonga alama kwa kisu, tukachovya kwenye rangi na kugonga juu ya magunia ya unga yaliyofuliwa. Niliwaambia kitenge kisicho na jina hakiuzwi, kwa hiyo kila mmoja akipe chake jina na asimame mbele aseme kwa nini kinaitwa hivyo. Joviale alichonga taa ndogo ndogo akaita kitenge chake "Umeme Umerudi." Mwingine alichonga masikio na kukiita "Jirani, Punguza Redio." Nilicheka hadi nikaketi. Mtoto ambaye hakuwahi kunyoosha kidole katika somo lolote alisimama akaeleza kwa dakika kumi kwa nini kitenge chake kinaitwa "Nilikiona Mimi Kwanza." Ilikuwa habari ya dada zake wawili na vazi moja. Nilirudi nyumbani jioni ile nikitembea haraka kama mtu anayekimbiza habari, na sikuwa na mtu wa kumsimulia, maana wa kumsimulia ni wewe na nilikuwa sijakuambia.

Sasa nafika penye uzito. Mwishoni mwa mwezi wa tatu kitabu cha programu kinasema watoto wachore mtu wa nyumbani kwao. Nilijua ahadi yangu. Nikajiambia kwamba mimi sitachora, watachora wao, na wengi wao ni Wakatoliki ambao kwao jambo hilo halina shida. Nakwambia ukweli, nilijua ninachokwepa. Niliandika somo ubaoni, nikakaa.

Kuna msichana darasa la nane anaitwa Salima. Ana miaka kumi na mitatu, anasoma Kifaransa kuliko baadhi ya walimu, na ana mkono ambao mimi kama mwalimu wake nauonea wivu. Baba yake ni Papa Usman, muuza vitenge wa Nyawera, yule aliyekuwa akichukua mizigo kwako zamani ilipokuwa ikitoka Kigoma. Salima alimchora baba yake. Alimchora sawasawa, na macho, na mdomo, na kidevu, akaificha karatasi chini ya godoro. Mama yake akaikuta akitandika kitanda.

Papa Usman alikuja shuleni asubuhi iliyofuata. Alivua viatu mlangoni pa darasa kama anayeingia nyumba ya watu, akasubiri hadi nimalize sentensi yangu, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. Alisema hana shida na masomo, yeye mwenyewe anayapenda. "Shida iko mu hizi macho, Madame," aliniambia. "Mutoto ananichora miye mwenyewe, kinywa na macho, anaweka chini ya kitanda. Ni nani alimufundisha?" Nikajibu ni mimi. Akatikisa kichwa, akasema basi mwisho wa mwaka huu wa shule Salima hatarudi tena. Atampeleka Kamituga kwa shangazi yake, mwenye duka linalouzia wachimbaji wa dhahabu, anayehitaji msichana anayejua hesabu. Tena mpaka hapo asiingie katika somo langu. Salima alikuwa dirishani, alisikia yote.

Nilikasirika, Baba. Nilimkasirikia Papa Usman siku mbili nzima, nikamjibu kichwani kwa majibu makali sana. Siku ya tatu nikagundua kwamba maneno aliyoyasema ni yale yale uliyoniambia wewe, kwa sauti ile ile ya upole, na kwamba nikimtukana yeye ninakutukana wewe. Hapo hasira ikanigeukia mimi. Mtoto alikuwa anakwenda kufungiwa dukani Kamituga kwa sababu mwalimu wake alijua mpaka uko wapi, akamwacha auvuke peke yake.

Jumamosi nilikwenda Nyawera kununua vitunguu. Soko lilikuwa limejaa, na kwa mbali, katikati ya migongo ya watu, nikamwona mama yake Joviale, nikamwita kwa jina. Aligeuka. Nikabaki nimesimama na vitunguu mkononi, mama muuzaji akinidai nifanye haraka, maana ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeuona uso wake. Nilikuwa nimeuona mgongo. Nilimjua kwa jinsi anavyofunga kitenge juu zaidi upande wa kulia, na kwa jinsi anavyotembea ameegemea upande kama bado ana mtoto kwenye mbeleko. Nilimjua kabisa, bila shaka, bila jicho hata moja! Nilimkumbatia mama yake Joviale, akafikiri nina habari ya msiba.

Jumatatu nikaandika ubaoni: mtu wa nyumbani kwenu, bila uso. Hakuna macho, hakuna pua, hakuna mdomo. Mtengeneze kwa vitu anavyoshika, kwa nguo anayoivaa, kwa namna anavyokaa, na anayemjua akimtazama aseme jina lake. Watoto walipiga kelele kwamba haiwezekani. Nikawaambia wakusanye vipande vya vitambaa chini ya cherehani za mafundi wa Nyawera, vifungo, nyuzi, magunia, vifuniko vya chupa vilivyotupwa ufukweni, na kwamba mimi mwenyewe nitatangulia kutengeneza wangu ili waone.

Nilikutengeneza wewe, Baba. Nilikata kofia yako kwa kitambaa cheupe nikaiweka imerudi nyuma kidogo, kama unavyoivaa ukiwa na mawazo. Nikaweka miwani yako iliyofungwa uzi upande mmoja, bila kitu nyuma yake, kitambaa kitupu tu. Nikaweka koti, na katika mfuko wa kifuani ile leso ya buluu unayoifunga fundo kwa kila jambo usilotaka kulisahau. Nilifunga mafundo matatu. Nilipoitundika picha hiyo, watoto waliitazama muda mrefu. Nikawauliza huyu ni mtu wa namna gani. Akonkwa alisema kutoka nyuma, "Madame, uyu papa hapendi mutu amupoteze wakati." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na baadaye nikatoka nje kidogo kwa sababu machozi yalinijia bila kuitwa.

Picha hiyo niliiviringisha, nikaenda nayo dukani kwa Papa Usman. Nilitaka aone mwenyewe kwamba ipo njia ambayo Salima anaweza kupita. Alikuwa anakunja vitenge. Niliitandaza juu ya meza yake bila kusema ni ya nani. Alitazama, akaacha kukunja, akaweka kidole juu ya leso. "Ayi! Uyu si Mzee Tambwe wa Uvira?" alisema. "Ni yeye moja tu anafungaka mafundo hivi!" Nikamwambia mimi ni binti yake. Alifurahi, akaita vijana wa duka la jirani waje waone, akaniagizia chai. Kisha akaniuliza swali moja, nami nikamjibu, na baada ya jibu lile alikaa akafikiri, akasema basi Salima arudi katika somo, atengeneze mtu wake kwa sharti hilo la kutokuwa na uso, na habari ya Kamituga ataiamua atakapoona kazi yenyewe. Swali hilo na jibu langu nitakuandikia chini kidogo. Usiruke mistari, Baba, nakujua.

Wiki nne tulifanya kazi ile. Watoto walikuwa wanakuja kabla ya kengele. Walikuwa wanarudi na habari ambazo hawakuwahi kuziona katika nyumba walizozaliwa. Mmoja aligundua kwamba baba yake huweka kila mara kiatu cha kulia juu ya cha kushoto. Akonkwa alimtengeneza bibi yake anayebeba mizigo sokoni: gunia, kamba inayopita kwenye paji, na mgongo tu, mgongo ulioinama, na chini miguu miwili ya udongo mwekundu. Ilipotundikwa hiyo, wenzake walisogea karibu kuitazama. Joviale, ambaye hana adabu kabisa, alimtengeneza prefe. Alifanya shada la funguo, kalamu nyekundu, termosi ya chai na tai fupi mno. Niliogopa. Bwana Déogratias alikuja, akasimama mbele yake mikono nyuma, akauliza taratibu kama kweli tai yake ni fupi hivyo. Darasa zima likasema "Ndiyo, Prefe!" Kesho yake alikuja na tai nyingine, na akaomba picha ile, ikishaonyeshwa, aiweke ofisini.

Salima hakunionyesha picha yake. Alifanyia kazi kwenye kona, ameipa mgongo dunia, na kila nilipokaribia alifunika kwa mikono miwili.

Maonyesho yalikuwa jana. Tulitundika kazi zote ukutani bila majina, na tukawaambia wazazi watafute wenyewe walipo. Uani palikuwa na kelele kuliko sokoni! Akina mama walikuwa wanashikana mikono na kuvutana, "Kuya uone, njo weye huyu!" Bibi yake Akonkwa alifika na kamba yake mabegani, akajiona, akaketi chini palepale mbele ya picha, na mjukuu wake akaketi naye. Mzee mmoja alijitafuta ukuta wote asijione, kumbe alisimama mara tatu mbele ya picha ya redio yake bila kukubali kwamba ndiye.

Papa Usman alikuja baada ya adhuhuri. Alipita polepole, mikono mfukoni. Alisimama mbele ya kazi moja na akakaa hapo. Ilikuwa meza ya duka, na juu yake vitenge vidogo vidogo, kila kimoja kimekunjwa mara tatu na ncha imeingizwa ndani, na kipande cha mti cha kupimia kilicholika upande mmoja, upande anaoushika. Nyuma ya meza hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkeka wa kuswalia uliotandikwa kuelekea pembeni, na viatu viwili vimevuliwa vizuri. Basi. Nilikuwa nimesimama karibu, nilimwona akinyoosha mkono akagusa ncha ya kitenge kimoja kuona kama imeingizwa ndani kweli. "Uyu ni miye," alisema, kwa sauti ndogo. Halafu akawageukia wazazi wengine akaanza kuwaeleza, kana kwamba picha ameitengeneza yeye, kwa nini kitenge kikikunjwa hivyo hakifunguki njiani. Salima alikuja akamshika mkono. Na pale pale, mbele ya prefe, Papa Usman akasema hakuna tena safari ya Kamituga, mtoto atamaliza darasa la nane hapa, na akipasi ataendelea.

Baba, sijui kama niliwahi kufurahi vile. Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka mimi ni mwalimu, nikapiga hivyo hivyo.

Kisha akanigeukia. Akaniambia kwamba Alhamisi anashuka Uvira kwa mambo yake, na kwamba baada ya swala ya alasiri atafika kwako nyumbani kukushukuru kwa mkono wake. Alisema bila wewe asingekubali kamwe. Nilitabasamu, huku nahesabu siku zilizobaki mpaka Alhamisi.

Nieleze sasa lile swali. Siku ile dukani, alipokuwa ameweka kidole juu ya leso yako, Papa Usman aliniuliza: "Na papa yako anajua? Alikupatia ruusa ufanye hii?" Na mimi, Baba, nilimjibu kwamba unajua. Nikasema ulinipa ruhusa. Sikuishia hapo, maana mdomo ukishaanza: nikasema uliiangalia kazi yenyewe, ukatafakari, na ukanipa na baraka zako. Nilimwona akilegea usoni neno kwa neno. Alisema kama Mzee Tambwe ameruhusu, yeye ni nani akatae. Hakuniuliza zaidi. Jina lako halina haja ya karatasi katika duka lile, na mimi nalijua hilo tangu mtoto, ndiyo maana nililitumia.

Ningeweza kumwambia ukweli jana. Nilikuwa na nafasi, alikuwa amesimama mbele yangu. Lakini Salima alikuwa ameshika mkono wake na ananitazama, na sikuweza. Ninaona aibu sana, Baba. Sioni aibu kwa picha. Picha nimempa Akili ndani ya gazeti, muombe akupe. Itazame na leso yako mkononi, uone kama kuna popote nilipovunja ahadi yangu ya darasa la sita. Ninachoonea aibu ni kwamba nilisema umenena jambo ambalo hukulinena.

Nimefikiri usiku na mchana nikuombe nini. Sikuombi umdanganye Papa Usman. Usingekubali, na mimi nisingependa kuwa na baba anayekubali. Naomba ruhusa yenyewe. Naiomba sasa, kwa kuchelewa, kwa magoti: unijalie nifundishe watoto hawa namna hii, na uniruhusu niwe nimekutengeneza. Ukiitoa Jumanne au Jumatano, basi Alhamisi akija kukushukuru atakushukuru kwa kitu ulichokitoa. Na ukiona huwezi, mwambie ukweli akifika, usinifunike. Mimi nitakwenda dukani kwake siku ya pili, nitamwomba msamaha mbele ya meza yake, na nitamwambia Salima mwenyewe kwa nini anakwenda Kamituga. Hilo sitamwachia mtu mwingine alifanye.

Mama usimwambie kabla hujaamua, maana atacheka, nawe utadhani tumepanga naye. Mpe salamu zangu nyingi, na shangazi, na watoto wote wa uani, na majirani wanaouliza habari zangu kwa nia njema. Wanaouliza kwa nia nyingine wasalimie vilevile. Jitunze na hiyo baridi ya alfajiri ukienda msikitini, na ngazi umwachie Akili. Nimemwambia asirudi Bukavu bila neno lako, hata kama ni neno moja tu, hata kama si lile ninalolitaka.

Ni mimi binti yako, niliyelitumia jina lako kabla ya kuliomba,

Djamila